Inspekta wa Bembea na Mazizi

Kabla sijamsema yeye, afadhali nijiseme mwenyewe, kwa sababu kazi yangu ingekuwa nzuri, tusingejuana. Nilikuwa fundi wa stima pale Mashimoni, Kibera. Ufundi wenyewe ulikuwa bisibisi moja, koleo moja na ujasiri mwingi. Nilijifunza kwa kumtazama mtu ambaye naye alijifunza kwa kumtazama mtu. Kwenye ukuta wa kibanda changu niliandika kwa rangi nyekundu FUNDI MTAALAMU, ila silabi ya mwisho haikutoshea ukutani, nikaimalizia mlangoni. Mlango ukiwa wazi, yaani saa zote za kazi, nilikuwa Fundi Mtaala. Watu wazima walipita wakicheka, nami nilidhani wananipenda.

Yeye tulimwita Inspekta. Mbele yake nilimwita Madam. Jina lake nililijua baadaye na sitaliandika, maana alichukia jina lake kuonekana kwenye karatasi yoyote isiyo na muhuri.

Alikuwa mwanamke mfupi, karibu miaka sitini wakati huo, akiishi Riruta Satellite katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la misumari na mabati. Alivaa sweta la kijani, sketi ndefu ya heshima, na chini ya sketi gambuti nyeusi za mpira, liwe jua iwe mvua. Mkoba wake ulikuwa ule wa kina mama wa kanisa, wenye kufuli ya shaba inayolia ‘tak’. Ungetarajia leso na peremende ndani. Mlikuwa na testa ya kujaribia stima, mita ndogo iliyovishwa soksi ya mtoto mchanga isigongwe, na kitabu cha kanuni za nyaya ambacho jalada lake alikuwa amelishona kwa uzi wa viatu.

Nilimwona mara ya kwanza siku iliyofuata Krismasi, mchana, kwenye uwanja wa matope karibu na kwetu. Kulikuwa na bembea ya kuzunguka, ile ya viti vya minyororo, na mwenye bembea alikuwa amenipa kazi ya kuiwekea stima na taa za rangi. Niliivuta stima kutoka duka la jirani. Waya niliulaza chini kwa sababu chini hakuna ngazi ya kupanda. Mahali ulipokuwa mfupi niliunga mwingine, nikazungusha seloteipu na juu yake karatasi ya nailoni, kwa uzuri. Kisha nikasimama kando ya reli ya chuma waliyoshika watoto wakipanga foleni, nikifurahia taa zangu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Watoto wawili watatu walikuwa wameniambia kwamba reli ‘inatekenya’. Niliwaambia hiyo ni kutu.

Nikaona mwanamke amechutama kwenye matope, ameshika testa kwenye reli, na kitaa cha ile testa kinawaka.

“Fundi wa hii kitu ni nani?”

Nilijitokeza kifua mbele. “Ni mimi, mathe.”

“Mimi si mathe yako. Umevaa nini miguuni?”

“Gambuti.”

“Toa.”

“Lakini kuna matope, Madam.” Sijui umadam niliutoa wapi, ulitoka wenyewe.

“Ndiyo maana nasema utoe. Hao watoto wamevaa nini?”

Nilitazama foleni. Wengine walikuwa na slipa za mpira zilizoisha kisigino, wengine na viatu vya Krismasi vilivyokwisha kulowa, na wawili hawakuwa na kitu. Nikavua. Matope yalikuwa baridi na yalipenya katikati ya vidole.

“Sasa shika reli.”

Nilinyoosha mkono. Nasema kweli nilikusudia kushika, maana watu walikuwa wengi na heshima yangu ilikuwa pale. Ila mkono ulifika karibu na chuma, ukasimama, kama mkono wa mtu mwingine mwenye akili kunizidi. Nikausukuma. Ukakataa.

“Si ushike, buda!” mtu akapiga kelele kwenye foleni.

“Siwezi, Madam.”

“Kwa nini?”

“Sijui.”

“Unajua,” alisema. Kisha akawageukia watoto, akawaambia kwa sauti ya chini kabisa wasogee nyuma hatua kumi bila kugusa chuma, nao walisogea. Alitembea mwenyewe mpaka dukani akaing’oa plagi. Bembea ilipunguza mwendo, ikasimama na watu wake hewani.

Mwenye bembea alilalamika kwamba ile ndiyo siku ya mwaka. Madam alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua kitabu chake na kumsomea. Waya kwenye uwanja wa watu haulali njiani: unapandishwa juu ya vichwa au unafukiwa na kufunikwa. Kila bembea ina swichi yake, mahali ambapo anayeiendesha anaifikia bila kukimbia. Chuma kinachoguswa na watu kinafungwa waya wa kwenda ardhini, ule mafundi tunaouita athi. Na mbele ya yote inakaa swichi inayojizima yenyewe stima ikianza kupitia mahali isipotakiwa, kwa mfano mtoto. Hapo kwenye mtoto nilijua kitabu hakikusema hivyo. Alikiongezea yeye.

Hakuondoka. Tulitafuta miti, tukapandisha waya, nikatumwa Kawangware kununua ile swichi na fimbo ya shaba, na fimbo niliigongelea ardhini mwenyewe, bado miguu mitupu, kwa kuwa hakuna aliyenikumbusha nivae na mimi niliogopa kuuliza. Karibu saa kumi na moja taa ziliwaka tena. Alipima kila kitu, akaifunga mita kwenye soksi yake, akaenda zake bila kuaga.

Tangu hapo nilimwogopa kama mtihani. Alijitokeza popote penye stima na umati: sherehe za kanisa, mashindano ya densi, maonyesho ya kilimo. Na kwa kuwa Kawangware na Satellite bado zina wenyeji wenye vipande vya shamba katikati ya ploti za kupangisha, wenye ng’ombe watatu nyuma ya vyumba ishirini, alikwenda huko pia, nami nikaanza kumfuata kumshikia vifaa. Alisema mabanda ya wanyama ni mabaya kuliko viwanja vya bembea. Bembea huja na kuondoka, ila banda linaoza polepole na kila siku mtu anaingia humo kwa mikono iliyolowa.

Kanuni zake alizisema kama watu wengine wanavyosema zaburi, bila haraka, na mahali pengine akiinua sauti. Tepu ilimtia kichaa. “Tepu ni bandeji,” alisema. “Wewe ukivunjika mfupa utafunga bandeji uende kucheza mpira?” Hakupenda mtu aseme stima ni hatari. “Stima haina ubaya na mtu. Inatafuta njia ya kurudi chini tu, kama wewe jioni. Kosa ni la aliyejenga njia ikapita kwa mtu.” Nilikuwa naitikia kwa kichwa kama ninayeelewa. Nilielewa baada ya miaka minne hivi.

Sasa nisimfanye malaika. Mtu aliyezima bembea mbele ya umati aliogopa kuku. Namaanisha kuku wa kawaida, hata vifaranga. Tulipokwenda kwenye banda la kuku la mama mmoja pale Kawangware, ambako balbu za joto zilining’inia kwa nyaya zake zenyewe juu ya maranda makavu, alisimama mlangoni ameshikilia sketi, akanituma mimi ndani na kuniamuru kwa kelele: “Pandisha hiyo! Funga mnyororo, isishikiliwe na waya! Hapana, ya kushoto! Huyo jogoo anakuja?” Nilitoka na manyoya kwenye nywele. Aliniambia kazi ilikuwa nzuri, ila alikuwa amekwisha kufika barabarani, kwa hivyo alilazimika kupaza sauti.

Na jikoni kwake. Nilialikwa chai mara ya kwanza baada ya mwaka mzima wa kutukanwa, nikakaa kwenye kigoda, nikatazama ukutani, moyo wangu ukaruka kwa furaha. Birika lake la stima halikuwa na plagi. Nyaya mbili zilikuwa zimetiwa uchi kwenye matundu ya soketi na kushindiliwa kwa njiti za kiberiti.

“Madam!”

“Nyamaza unywe chai.”

“Lakini Madam, wewe mwenyewe ulisema…”

“Hapa atakayekufa ni mimi peke yangu. Huko nje ni watoto wa wenyewe.” Alinimiminia kikombe cha pili. “Na plagi nimesahau kununua.”

Wiki iliyofuata nilimletea plagi, nikaifunga mbele yake kwa majivuno makubwa. Hakusema asante. Aliuliza kama nimekaza skrubu. Sikuwa nimekaza.

Siku ile ile alinituma nimtolee nakala ya kitambulisho chake cha kazi, na njiani nikakisoma. Kilikuwa kimekwisha muda zamani sana, zamani ya kabla ya bembea. Alikuwa mstaafu. Mwaka ule wote, kumbe hakuwa na mamlaka zaidi ya kufuli ya mkoba. Nilirudi nimejawa na hasira za mtu aliyesimama bure kwenye matope.

“Madam, hii imeisha.”

“Najua.”

“Kwa hivyo ile siku hukuwa na ruhusa ya kuzima bembea.”

Alinitazama juu ya miwani. “Wewe ulikuwa na ruhusa ya kuiwasha?”

Nikamkabidhi nakala yake.

Lakini jambo lililonifanya nimkumbuke kwa aibu, na si kwa kicheko tu, ni la ng’ombe wa Baba Wambui.

Baba Wambui alikuwa mmoja wa wale wenyeji wa Kawangware, mwenye ploti ya vyumba vya mabati na nyuma yake zizi la ng’ombe watatu. Nilimfanyia kazi hapo wakati ningali Fundi Mtaala halisi: taa ya zizi na soketi ya mashine ya kukata majani. Nilimaliza kwa nusu siku, akanisifu. Baadaye ng’ombe wakaanza kukataa maji. Walikwenda kwenye hori la chuma, wakanyoosha shingo, midomo ikagusa, wakaruka nyuma na kubaki wamesimama wakitetemeka kwa kiu. Maziwa yakapungua. Aliita daktari wa mifugo, hakuona ugonjwa. Aliita mchungaji, akaombea hori. Mwishowe maneno yakaanza kwamba kuna mtu anayetia kitu kwenye maji, na mtu mwenyewe ni mpangaji wa chumba cha mwisho, mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa kuwa chumba chake kilipakana na zizi na kwa kuwa hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Yule mama alikuwa wa kwetu, upande wa ziwani. Nilikula kwake mara nyingi. Kila nikinunua omena aliniongezea konzi moja, akisema mwanamume asiye na mke hukonda.

Inspekta alipoitwa, siku ya Jumamosi, nilikwenda naye kumshikia vifaa. Sikuwaza kabisa kuhusu kazi yangu. Niseme tena, kwa sababu ni ajabu: nilitembea kutoka Satellite mpaka pale nikiuliza ni nani anayewaroga wale ng’ombe.

Hakugusa waya kwanza. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuwatazama ng’ombe karibu nusu saa. Kisha akamwambia Baba Wambui atie mkono kwenye hori.

“Nimetia kila siku. Hakuna kitu.”

“Umevaa gambuti. Ng’ombe hana gambuti. Ana miguu minne kwenye mkojo, ya mbele iko mbali na ya nyuma, na mdomo umelowa. Stima kidogo ambayo wewe huisikii, yeye anaisikia mwili mzima. Anaona hori linamuuma.”

Alitoa mita kwenye soksi. Aliweka ncha moja kwenye hori, nyingine kwenye sakafu, namba zikapanda. Akaufuata waya. Ulipita kwenye nguzo yenye unyevu, chini, mahali ng’ombe hujikuna, ukaingia nyuma ya mabati ya chumba cha mwisho na kutokea soketini. Nyuma ya mabati palikuwa na kiungo. Mvuke wa mkojo ulikuwa umekila kile kiungo mpaka shaba imekuwa ya kijani, na kilikuwa kimelalia bomba la maji linaloingia horini.

Kilikuwa na seloteipu. Juu yake, karatasi ya nailoni.

Baba Wambui alipiga magoti akatazama. “Kumbe! Huyu mama ananiibia stima! Ameunga waya kutoka kwa chumba chake, akiharibu ng’ombe zangu! Wee fundi, hebu angalia.”

Niliangalia. Nilikitambua kile kiungo kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

“Watu wengine hawana utu,” nilisema.

Ndiyo maneno niliyosema. Nimejaribu miaka mingi kuyakumbuka vingine.

Inspekta hakunitazama. Alisema tu, polepole, akiwa bado amechutama: “Aliyefunga hapa ni mtu wa haraka. Anazungusha mara tatu, halafu anaongeza nailoni ipendeze. Yuko hai. Atasema mwenyewe.” Akakata stima ya zizi kwenye swichi kuu.

Baba Wambui hakusikia hilo la mwisho, alikwisha kwenda kugonga mlango wa chumba cha mwisho. Tulisikia sauti yake: Jumatatu ahame, vitu vyote. Sauti ya yule mama hatukuisikia. Nyuma yetu ng’ombe mkubwa alilisogelea hori, akagusa maji kwa mdomo, akangoja, akagusa tena. Halafu akanywa. Alikunywa bila kuinua kichwa mpaka hori likabaki matope chini, na wale wengine wawili wakawa wanamsukuma kwa mabega.

Tulitoka mpaka barabarani, mimi na Inspekta. Alinunua hindi la kuchoma, akalivunja vipande viwili, akanipa kimoja.

“Leo ni siku gani?” aliuliza.

“Jumamosi, Madam.”

“Basi una kesho.”

Jumapili nilikwenda kanisani nikashindwa kuimba. Mchana nilivaa shati langu jeupe, nikatembea kutoka Kibera mpaka Kawangware nikipanga maneno. Baba Wambui alikuwa sebuleni na mkewe. Nilikaribishwa. Nikaanza na mvua, nikapita kwenye bei ya majani ya ng’ombe, nikasifu nyumba.

“Baba Wambui,” nilisema mwishowe, “nimekuja na jambo zito. Limekaa moyoni muda mrefu. Nimekuwa mwoga kulisema mbele yako.”

Aliweka gazeti chini. Alimtazama mkewe, naye Mama Wambui akalitazama shati langu jeupe. Akainuka upesi kuliko nilivyowahi kumwona, na baada ya dakika chache ilikuja chai ya maziwa matupu, ikaja sahani ya chapati moto, na nyuma ya chapati akaja Wambui mwenyewe akiwa amebadilisha kitambaa cha kichwa, akaketi akitazama sakafu.

“Sema, kijana,” Baba Wambui alisema kwa upole wa baba mkwe. “Sisi ni watu tu.”

“Ni waya,” nilisema.

“Waya gani?”

“Ule wa zizi. Ni mimi niliuunga. Huyo mama hana makosa. Ng’ombe wamepigwa na stima yangu.”

Wambui alianza kutingishika mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Mama Wambui aliinama, akaichukua ile sahani ya chapati na kuirudisha jikoni. Chai aliniachia.

Baba Wambui hakunipiga. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanitembeza mpaka chumba cha mwisho na kugonga. Yule mama alifungua. Nyuma yake sufuria zilikuwa zimekwisha kutiwa kwenye gunia, na godoro limesimamishwa ukutani limefungwa kamba.

“Mwambie yeye,” Baba Wambui alisema.

Nikamwambia. Alisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

“Na jana ulikuwa hapa,” alisema.

“Ndiyo.”

“Umesimama hapo nje, ukisikia vile ninaambiwa.”

“Ndiyo, mama.”

“Na ni wewe nilikuwa nakuongezea omena.” Alifunga mlango. Taratibu, bila kuubamiza, na ningependa angeubamiza.

Baba Wambui aliugonga tena, akamwomba msamaha kupitia kwenye mabati, akamwambia asihame. Hakuhama. Hata mimi aliendelea kuniuzia, ila tangu siku ile nilipata kipimo changu kamili na hakuna konzi juu yake. Miaka imepita. Nyongeza haijarudi, na sitegemei.

Nilipomweleza Inspekta, na nilimweleza yote pamoja na chapati, nilidhani atanisifu kidogo kwa ujasiri. Aliuliza: “Zizi umelirekebisha?”

Tulilirekebisha pamoja kwa siku tatu. Niling’oa kila kitu nilichokiweka. Waya mpya ulipita juu, ndani ya bomba la plastiki, mahali ulimi wa ng’ombe haufiki. Kisha tulifunga kila chuma cha zizi, hori, bomba, nguzo, lango, kwa waya mmoja mnene mpaka kwenye fimbo ya ardhini. “Vyuma vyote viwe ndugu,” alisema. “Vikiwa na hali moja, hakuna kitakachomtuma ng’ombe kupeleka stima kwa mwenzake.” Ndiyo siku niliyoelewa maana ya athi. Nilikuwa nimeifunga kwenye kazi za watu kwa miaka kama mapambo.

Baada ya hapo nilikwenda chuo cha ufundi, nikiwa na miaka thelathini na nane, nikakaa darasani na vijana walioniita ‘mzae’ na kuniazima kalamu. Mtihani wa kwanza nilifeli. Wa pili nilipita. Cheti nilimpelekea Satellite, akakitazama mbele na nyuma, akatafuta muhuri, akauona, akanirudishia. “Sasa ukiua mtu watajua pa kukupata,” alisema.

Mwaka jana nilikutana naye tena baada ya muda mrefu. Kanisa moja la Kawangware lilikuwa na siku ya familia, mchana wa jua kali, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wa uwanja, na safari hii kwa barua rasmi ya kanisa. Kulikuwa na mahema, vyombo vya muziki, na kasri la upepo, lile la plastiki linalojazwa na feni, ambalo watoto huliita baunsing. Nilimwona akiingia getini ameshikwa mkono na mama mmoja wa kanisa. Alikuwa amekonda, gambuti zilimpwaya, na macho yalikuwa na ukungu mweupe. Alinitambua kwa sauti.

“Hii kazi ni ya nani?”

“Ni yangu, Madam.”

“Nitaiangalia.”

Hakuna aliyemtuma. Alianzia kwenye swichi kuu, akaibonyeza ile ya kujizima, ikajizima, akairudisha. Kisha akaufuata waya, mkono ukipapasa nguzo zake, hatua kwa hatua, nami nyuma yake jasho likinitoka. Kwenye meza ya mama wa chapati alizunguka asigonge karai la mafuta, akashika nguzo ya upande wa pili, akafika mpaka kwenye feni. Alinyoosha mgongo.

“Iko sawa,” alisema, kwa sauti kubwa, watu wakasikia.

Miaka yote ile hakuwahi kuniambia hivyo mbele ya watu. Nilimtafutia kiti kivulini, nikamletea soda, nikaenda kutembea uwanjani bila sababu, nikitabasamu kama bwana harusi. Nilitembea mpaka meza ya chapati. Hapo nikaona.

Mtu alikuwa amesogeza hema kukwepa jua, akauangusha waya kutoka nguzoni. Mguu wa chuma wa hema ulikuwa umeukanyaga, nyuma ya karai, ganda limepasuka, na shaba inang’aa. Wanawake watatu walikuwa wameegemea mguu huo huo wakinunua. Nimejiuliza kama nilifikiri kuurekebisha kimyakimya, niinue hema, nifunike, sifa yangu ibaki. Nilifikiri. Nilifikiri kwa muda wa kutosha kuona haya.

Niliwaondoa wale wanawake. Kuzima hakukuwezekana papo hapo, maana feni ikizimwa kasri huwaangukia watoto waliomo. Ikabidi waitwe watoke. Walikataa. Niliingia na soksi kuwatoa, nikaanguka, nikainuka, nikaangukiwa, uwanja mzima ukishangilia kila nikidondoka. Alipotoka wa mwisho nikakimbia kuzima. Kasri likalala chini likipumua.

“Nani amezima?” Inspekta aliuliza pale kivulini.

“Ni mimi, Madam.”

“Kwa nini?”

“Kuna kitu kidogo nimesahau.”

“Niambie.”

Nikapiga magoti kando ya kiti chake. “Mguu wa hema umekanyaga waya. Ganda limepasuka.”

“Wapi?”

“Kwa meza ya chapati.”

Vidole vyake vilikuwa vinaisugua ile kufuli ya mkoba. “Pale nilizunguka,” alisema.

“Ndiyo, Madam.”

“Ulikuwa hivyo nilipopita?”

Ningeweza kusema hapana. “Sijui. Labda.”

Aliomba ashikwe mkono asimame, akaomba maikrofoni, akakumbuka kwamba nimezima stima, akasema bila hiyo. Sauti yake haikuwa kubwa, ila watu walinyamaza.

“Mimi ndiye nimesema iko sawa. Haikuwa sawa. Nimekosea. Fundi amefanya vizuri kuzima. Ngojeni.”

“Kumbe ni huyo shosho ametuharibia!” mtoto mmoja alipiga kelele, na wenzake wakaitikia.

Niliondoa kipande chote cha waya, nikaweka kipya kisicho na kiungo, nikakirudisha juu ya nguzo, nikahamisha hema. Ilichukua karibu saa nzima. Nilipomaliza nilikwenda kumwomba akague tena.

Alitikisa kichwa. “Haya macho yamekwisha. Tembea wewe, polepole, uniambie kila kitu unachoona. Mimi nitasikiliza.”

Basi nikatembea. Nilianza kwenye swichi kuu, nikasema kwa sauti kila nilichokiona: swichi imekaza, waya uko juu, nguzo ya kwanza, nguzo ya pili, hakuna kitu kinachogusa, meza ya chapati, karai liko mbali, mguu wa hema uko mbali. Watoto walikuwa wamejipanga kando ya kasri lililolala, viatu mikononi, wakinizomea. Yeye alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande. Nilifika kwenye feni, nikasema hali ya feni, nikanyamaza.

“Umemaliza?” aliuliza.

“Nimemaliza, Madam.”

“Rudia.”

Nikarudia.